Ugali wa Mgonjwa Mshirika

Kwetu Butiama ukiulizwa habari za nyumbani unajibu nzuri, kisha ndipo unaeleza kwamba ng'ombe wameibiwa na mama mkwe yuko mahututi. Anayeuliza anajua, anayejibu anajua, na hakuna anayeona kuna uongo hapo. Nalisema hili mapema kwa sababu walikuja kwetu wasomi na swali lao moja, wakajibiwa kwa adabu zote, na jibu hilo nusura limpokonye wifi yangu vidole vyake.

Wifi yangu anaitwa Jenoveva, mke wa kaka yangu Stanislausi. Mimi ni Marcelina, mjane, na nyumba yangu iko ua mmoja na yao. Tumekuwa na Jenoveva tangu alipoolewa, tukigombana na kupatana kama mawifi wanavyotakiwa. Sifa yake kubwa ilikuwa ugali. Ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama, ule unaosimama wenyewe kwenye sahani na kumsubiri mtu. Hakuna aliyefika kwao akaondoka hajala, awe katekista, mwuza mitumba, au kijana wa kusoma mita za maji. Kaka yangu alitembea na sifa za ugali ule kijiji kizima, na hakuona haya kuniambia mbele za watu, "Marcelina, kajifunze kwa wifi yako."

Ugonjwa ulimwanzia vidoleni, asubuhi. Aliamka vimevimba, vya moto, vimekataa kukunjuka. Tukamtibu malaria ambayo hakuwa nayo. Tukamkataza nyama nyekundu, na ikawa kazi bure maana nyama yenyewe tunaionaga Krismasi. Mzee mmoja alimchanja chale kwenye viwiko, jumuiya yetu ikamsalia novena. Mwishowe daktari mmoja wa mjini Musoma akampima damu na kusema ni baridi yabisi, ile inayokula viungo taratibu. Akasema dawa ipo. Ikinywewa bila kuruka na damu ikipimwa kila mwezi, vidole havitaendelea kupinda. Vilivyokwisha kupinda havirudi.

Shida ilikuwa kila mwezi kufika Musoma. Mtu ambaye hawezi kushika chuma cha mlango wa basi anasafirije? Kuna miezi alienda, kuna miezi mvua au magoti yalikataa. Kila mwezi uliorukwa ulijionyesha mkononi. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilipinda masika moja tu, tukikiangalia.

Basi tangu mwaka juzi ugali wa Jenoveva nausonga mimi.

Jikoni kwao ni kibanda cha nje, na kaka yangu hajawahi kukanyaga humo tangu alipoacha kunyonya. Jenoveva anakaa kwenye kigoda na kunielekeza, ongeza unga, geuza, kandamiza, kana kwamba mimi nilizaliwa jana. Ugali ukiiva anaipakata sahani juu ya mikono bila kutumia vidole, kama mtu abebaye mtoto, anauingiza ndani. Nabaki na moshi wangu. Halafu namsikia kaka sebuleni: "Huu ndio ugali! Yule dada yangu sijui alilelewa na nani."

Nilitaka mara nyingi kutoka na mwiko na kumjibu. Jenoveva alinishika kanga. Mama yetu, Mungu amrehemu, alikuwa na msemo kwamba mwanamke asiyeweza kusonga ugali huletewa msaidizi, na hakuwa na maana ya mfanyakazi wa ndani. Jenoveva aliyasikia maneno hayo akiwa bibi harusi na hakuyasahau. Kaka alijua mke wake anaumwa viungo, ndiyo. Aliona anaenda kliniki. Ila alikuwa akila ugali mgumu kila siku, na kwake mwanamke anayesonga ugali ule hakuwa na ugonjwa wa kutisha.

Hapo ndipo ulipokuja mradi. Uliongozwa na Daktari Yusto, kijana mpole mwenye miwani, msemaji wa maneno marefu. Alisema siku hizi utafiti wa viungo haufanywi juu ya wagonjwa, unafanywa pamoja nao. Kila sehemu itatoa mgonjwa mshirika, akae kwenye vikao na aseme maswali yaulizwe vipi. Bunda walimtoa Mihayo, dereva wa lori aliyestaafishwa na magoti. Butiama akachaguliwa Jenoveva. Daktari alisema ni kwa sababu anajieleza vizuri. Nadhani pia ni kwa sababu aliingia kliniki na kapu la viazi vya kuchemsha akawagawia wote, kuanzia mlinzi.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Mradi ulikuwa na uwezo wa kufungua kliniki moja ya viungo ya kila mwezi nje ya Musoma, ama Butiama, ama Bunda. Ingewekwa kule ambako watu wataonekana kuumia zaidi. Jenoveva alirudi nyumbani uso unang'aa. "Wifi, dawa itakujaga hapahapa," aliniambia. "Nitaendaga kwa miguu yangu." Akaviangalia vidole vyake vya mkono wa kushoto, ambavyo bado vilikuwa vimenyooka, kama mtu anayeangalia vifaranga vilivyosalimika na mwewe.

Semina ya kwanza nilimsindikiza. Ilikuwa Iringo, katikati ya mji wa Musoma, kwenye ukumbi mzuri wenye feni. Ukumbi ulikuwa ghorofani. Wagonjwa washirika wote wa viungo na sisi wasindikizaji tulipandishwa ngazi, mmoja mmoja, tukipumzika kila kona, huku Daktari Yusto akitupigia makofi kutoka juu. Tukapewa fulana zilizoandikwa HAKUNA UTAFITI BILA SISI, za shingo nyembamba, zisizo na kifungo hata kimoja. Jenoveva mikono haipandi kupita mabega, kwa hiyo nilimvisha mimi chooni, tukicheka mpaka machozi. Mezani kila mshirika aliwekewa chupa ya maji yenye kifuniko kilichokazwa. Zilikaa vilevile hadi saa ya chakula. Mihayo aliyebeba mizigo ya pamba miaka yote alijaribu yake kwa meno, akaacha.

Sitaki kuwasema vibaya. Walikuwa watu wema, na waliuliza kweli. Daktari Yusto alimgeukia Jenoveva, akamwambia, "Mama, kule kwenu watu tuwaulize wapi ili waseme ukweli?"

Jenoveva alisimama. "Daktari, mtu wa kwetu hasemagi neno la maana kwenye foleni. Njooni majumbani. Mkae, msalimie vizuri, mle mtakachopewa. Mkifanya haraka tutawaona kama mgambo."

Ukumbi mzima ulipiga makofi. Daktari aliandika maneno yale ubaoni kwa kalamu nyekundu na kuyapigia mstari. Nilijivuna, sifichi. Tuliteremka ngazi zile kama watu walioshinda kesi.

Na wakafuata ushauri, neno kwa neno. Huo ndio ulikuwa mkosi.

Siku ya nyumba yetu alikuja Flora, binti wa mradi, mtu wa Morogoro, mwenye heshima na sauti laini. Jenoveva alikuwa amejiandaa tangu asubuhi. Alimeza kidonge cha maumivu, kile anachokitunza kwa ajili ya harusi na misiba. Akavaa kitenge kipya, akaficha mkono wa kulia kwenye mkunjo wake. Kuku alichinjwa. Mimi nilikuwa jikoni nasonga, jasho likinitiririka, na ukuta wa kibanda kile ni wa fito, kwa hiyo niliyasikia yote.

"Shikamoo mama, shikamoo mzee. Habari za hapa?"

"Nzuri, karibu sana mwanangu," alisema Jenoveva.

Flora akatoa kishikwambi chake. "Mama, kwa kipimo cha sifuri hadi kumi, sifuri ni huna maumivu kabisa, kumi ni maumivu yasiyovumilika. Wiki hii umekuwa ngapi?"

Nikasimamisha mwiko. Nikasema moyoni, haya wifi, sema sasa, dawa ndiyo hiyo inakuja.

"Mh," alisema Jenoveva. "Tunamshukuru Mungu. Mbili."

"Mbili?"

"Labda mbili na nusu, kukiwa na baridi."

"Na kazi za nyumbani, kwa mfano kusonga ugali, unapata shida?"

Kaka yangu akacheka. "Binti, subiri uuone huo ugali ndipo uulize!"

"Bila shida yoyote," alisema Jenoveva.

Nilikandamiza ugali ule kwa hasira kiasi kwamba sufuria iliruka mafiga. Flora aliula, akausifu, akaandika. Akapanda gari palepale uani, vumbi likabaki.

Ikawa hivyo kila nyumba. Mgeni njoo mwenyeji apone, na siku zile Butiama nzima ilipona. Mama Tereza, ambaye hupanda kitandani kwa kuvutwa, alimwambia Flora ana moja. Mzee Abednego alikataa hata sifuri, alisema anajisikia kijana. Nani atamlilia mgeni aliyetoka mbali, tena hajala? Mgeni ukimpakulia matatizo yako kabla ya chakula ni kama unamfukuza.

Kule Bunda wiki ileile mvua ilinyesha, gari la mradi likazama kwenye udongo mweusi, na nyumba hazikufikika. Ikabidi wawaulize watu kwenye foleni ya zahanati. Watu wamekaa kwenye mabenchi tangu alfajiri, wana njaa, wana hasira, hawadaiwi adabu na mtu. Walisema nane, wakasema tisa, wakasema kumi. Mihayo mwenyewe aliomba aandikiwe kumi na mbili.

Matokeo tulisomewa ukumbini pale pale ghorofani. Kwenye ukuta ilitokea picha ya mistari miwili minene, wa Bunda mrefu kama mnara wa simu na wa Butiama mfupi kama kisiki. Daktari Yusto alitabasamu kwa furaha ya kweli. "Butiama mna bahati," alisema. "Ugonjwa kwenu ni mwepesi sana. Huenda ni chakula. Tunafikiria kuanza utafiti juu ya ugali wa muhogo." Akatangaza kwamba wanapendekeza kliniki iende Bunda, na barua itapelekwa kwa wakubwa wa mradi Mwanza mwisho wa mwezi. Kisha akawashukuru washirika, hasa Mama Jenoveva, ambaye ushauri wake ulifuatwa kikamilifu.

Jenoveva alipiga makofi. Viganja vyake havikutani, vinagusana kwa vifundo tu, kwa hiyo makofi yake hayana sauti. Nilikuwa pembeni yake na nilitaka kulia.

Njiani, ndani ya basi, nilimshukia. "Kwa nini hukunyanyuka ukasema?"

"Ningesemaje, wifi? Wametukaribisha, wametulisha."

"Mficha maradhi kifo humuumbua!"

"Hawajaniuliza kifo," alisema. "Wameniuliza mbele ya mume wangu kama nasonga ugali." Akageukia dirisha. Baadaye nikamwona anakunjua vidole vya mkono wa kushoto, kimoja kimoja, anavikunja tena.

Wiki iliyofuata Daktari Yusto na Flora walikuja nyumbani kushukuru, na zawadi ya kanga. Wakala. Wakasifu. Nikiwa jikoni nikasikia wanaaga, dereva anawasha gari. Nikamsikia Jenoveva anasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake mbele ya wageni:

"Gari litangulie barabarani. Leo nawasindikiza."

"Mama, miguu yako," alisema Flora.

"Mgeni husindikizwa."

Nikatupa mwiko nikatoka. Nilikwisha kuelewa, na nilijiona mjinga kwa kutolifikiria mapema. Kwetu ndani ya nyumba unasema nzuri. Lakini mgeni akishashiba, akishaipa nyumba mgongo, mkitembea naye taratibu kwenye njia, ndipo unapomwambia lile lililokuwa moyoni. Mahari imejadiliwa kwenye njia hizo, na ugomvi wa mashamba, na mimba za mabinti. Ndani ya nyumba ni salamu, njiani ni maneno. Na hawa wenzetu wa mradi walikuwa wanapandia gari mlangoni, kwa hiyo kila nyumba waliyotoka waliliacha neno la mwenyeji limemkwama kooni.

Tukatembea. Kaka yangu na fimbo yake mbele pamoja na daktari, sisi wanawake nyuma, kwa mwendo wa Jenoveva, ambao ni mwendo wa kinyonga. Kishikwambi kilikuwa kimetangulia na gari.

"Mwanangu Flora," alisema Jenoveva. "Siku ile uliniulizaga maumivu."

"Ndiyo mama. Ulisema mbili."

"Ni tisa. Asubuhi huwaga ni kumi."

Flora alisimama. Jenoveva hakusimama, akaendelea kuburuta miguu, kwa hiyo ikabidi binti amfuate.

"Na ugali, mama? Ulisema bila shida."

"Sijashika mwiko tangu mwaka juzi. Ule mliokula, na wa leo, na wote, anasongaga huyu." Akanielekezea kidevu. "Mimi hata kanga hii mliyonipa siwezi kuifunga. Ananifungaga yeye. Na Mama Tereza msimwamini, na Mzee Abednego ndiyo kabisa."

Huko mbele fimbo ya kaka yangu ilikuwa imeacha kugonga ardhi.

Daktari Yusto alirudi nyuma, miwani mkononi. "Lakini mama, wewe ni mshirika wetu. Kwa nini hukutuambia?"

"Ulikuwa mgeni, daktari," alisema Jenoveva. "Tena ulikuwa hujala."

Nilicheka, halafu nikajikuta nalia. Kaka yangu alikuja akasimama mbele ya mke wake, akaiangalia mikono yake. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kuiangalia ikiwa haina sahani. Kisha akageuka, akawafikisha wageni kwenye gari, akarudi nyumbani kwa njia nyingine.

Siku zilizofuata alikula kimya. Ugali hakuusifu, hata ule niliousonga kwa kujitahidi makusudi. Jenoveva alikonda. "Anatafuta msaidizi," aliniambia. "Namjua. Akinyamaza hivyo kuna jambo analitafutia pa kuanzia." Nikamwambia akithubutu nitamvunjia mwiko kichwani, kaka au si kaka. Lakini hata mimi niliogopa.

Daktari Yusto, tumpe haki yake, aliizuia barua ya Mwanza. Butiama ikaulizwa upya. Safari hii walikula kwanza, wakaaga, wakauliza njiani. Kwenye ripoti yao jambo hilo limepewa jina refu ambalo siwezi kulitamka. Mgonjwa mshirika alitakiwa awepo kila nyumba, kwa hiyo Jenoveva alizunguka kijiji akisindikiza wageni kwa magoti yale, na huo nadhani ndio ushirikishwaji kamili. Mama Tereza alisema tisa. Mzee Abednego alilia. Kliniki sasa inakuja Butiama mwezi mmoja na Bunda mwezi unaofuata, na Mihayo bado anasema tumewaibia ugonjwa wao. Kidole cha shahada hakikurudi. Vya mkono wa kushoto vimenyooka hadi leo.

Ila kwangu jambo lenyewe lilimalizika asubuhi ya kwanza ya kuuliza upya, wakati Flora alipoanzia kwetu, na akawahi kuliko tulivyomtarajia. Jenoveva alikuwa bado amekaa kizingitini, mikono ndani ya beseni la maji ya moto, kama anavyokaa kila asubuhi akisubiri vidole viamke. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza natoka mlangoni kwangu kwenda kusonga. Nikaona moshi umenitangulia jikoni.

Akatoka kaka yangu. Ana unga hadi viwikoni, macho mekundu kwa moshi, mwiko mkononi ameushika kama jembe. Uani walikuwepo majirani wawili waliokuja kuchota maji, na wote waliacha ndoo.

"Shikamoo mzee," alisema Flora. "Habari za hapa?"

Nikasubiri neno letu. Nalijua lilivyo mdomoni mwake, amelisema maisha yake yote, alilisema hata siku tuliyomzika mama.

"Mbaya," alisema kaka yangu. "Mke wangu ameamkia kumi. Ingia ndani, binti, ugali unaiva."

Jenoveva alijifunika uso kwa mikono yake iliyolowa. Ugali wenyewe ulikuja umejaa madonge, katikati unga mbichi, na pembeni umeungua. Tuliula wote. Nilimwambia kaka akajifunze kwa dada yake. Yeye alikuwa anamwangalia mke wake anavyotafuna.

"Ukoje?" akamuuliza.

"Mtamu," alisema Jenoveva.

Flora alikuwa na kishikwambi mapajani, na hakuandika kitu.